TEMBO AKILA SHAMBA, ASHITAKIWE NANI?

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na majirani wa msitu wa Kibale, Uganda

Mbuzi wa jirani akiingia shambani na kula maharage, kila mtu kijijini ajua la kufanya. Mwenye shamba humkamata mbuzi, humwita mwenyewe, na wazee huketi wakaikadiria hasara. Fidia hutolewa, mikono hupeanwa, na ujirani huendelea. Lakini tembo akitoka msituni usiku na kuiangusha migomba iliyokuwa tegemeo la nyumba nzima, ni nani wa kuitwa? Hana mwenyewe wa kusimama mbele ya wazee. Na mkulima akishika mkuki ili alipize, yeye ndiye atakayefikishwa mahakamani.

Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa ni la baraza la kijiji tu. Hata hivyo limewashughulisha wataalamu wa vyuo vikuu kwa miaka mingi, na mahali lilipochunguzwa kwa makini ni msitu wa Kibale, magharibi ya Uganda, karibu na mji wa Fort Portal. Msitu huo, ambao leo ni Hifadhi ya Taifa, una eneo la kilomita za mraba 795. Ndani yake wamo aina 13 za wanyama wa jamii ya kima, tangu komba wadogo watembeao usiku hadi sokwe. Nje yake, kwenye mpaka kabisa, yako mashamba ya migomba, mahindi, muhogo, viazi vitamu na karanga, pamoja na mashamba makubwa ya chai. Hakuna ukuta wala mto kati ya pande hizo mbili. Mahali pengi mti wa mwisho wa msitu hutia kivuli mstari wa kwanza wa mahindi.

KAMBI ILIYOGEUKA CHUO

Kibale ulitangazwa kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932, na shabaha kubwa ya watawala wa wakati ule ilikuwa mbao. Mwaka 1970 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Thomas Struhsaker, alifika hapo kuchunguza maisha ya mbega wekundu. Mwaka huo huo ndipo Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilipoacha kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kuwa chuo kikuu cha taifa la Uganda.

Miaka iliyofuata haikuwa miepesi. Utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971 na kuanguka mwaka 1979, pamoja na vita vilivyokuja baadaye, uliiacha nchi katika dhiki. Bidhaa ziliadimika, ujangili ukaongezeka, na walinzi wa misitu wakakosa nyenzo za kazi. Hata hivyo kazi ya kuhesabu na kuandika haikukoma pale Kanyawara, kaskazini ya msitu, na kambi ile ndogo ikakua hata ikawa Kituo cha Elimu ya Viumbe cha Chuo Kikuu cha Makerere.

Waganda wenyewe wakashika usukani. Gilbert Isabirye-Basuta alichunguza chakula na mwenendo wa sokwe wa Kanyawara katika miaka ya 1980. John Kasenene alichunguza jinsi msitu unavyojirudisha baada ya kukatwa, na baadaye akawa mkuu wa kituo. Nyuma yao wakaja wanachuo wengi, wa Uganda na wa nchi nyingine, wakajifunza mambo ambayo ubao wa darasani hauwezi kuyaonyesha. Mwanachuo wa Kanyawara huamka kabla ya jua. Hufuata vijia vilivyokatwa kwa mstari mnyofu, hupima unene wa miti kwenye kimo cha kifua, hutazama juu akaandika ni mti gani unaotoa machipukizi, upi una maua na upi una matunda mabivu. Mara nyingi anayemwongoza ni mtu aliyezaliwa kijiji cha jirani, ambaye hana shahada lakini aijua miti kwa majina yake kama mtu ajuavyo watoto wa ndugu zake.

Makerere ina shamba lake la mafunzo na utafiti wa kilimo huko Kabanyolo, kaskazini ya Kampala. Huko wanachuo hujifunza jinsi zao linavyomea na kuzaa. Kanyawara hufundisha nusu ya pili ya somo hilo, yaani ni nani mwingine, mbali na mkulima, anayelingojea zao hilo liive.

SOMO LA MISUMENO

Utafiti wa kwanza uliompa mtunga sheria jambo la kufikiri ulihusu mbao. Katika miaka ya 1968 na 1969 sehemu kadhaa za Kibale zilikatwa magogo, nyingine kwa wingi na nyingine kwa kiasi, huku sehemu ya jirani ikiachwa bila kuguswa. Ilikuwa kana kwamba mtu amekusudia kuandaa jaribio. Wataalamu walichohitaji kufanya ni kulinganisha, na kungoja.

Iliaminiwa wakati huo kwamba msitu uliokatwa ukiachwa utajirudisha wenyewe baada ya miaka michache. Kibale haukutii matumaini hayo. Kasenene na wenzake walionyesha kwamba mahali palipokatwa sana hapakuota miti upesi. Paliota vichaka vizito na magugu marefu yaliyoinyima miche mwanga. Panya wakala mbegu na miche. Tembo nao wakavipenda vichaka hivyo, wakawa wanakuja kula humo na kuikanyaga au kuivunja miche iliyobahatika kuchipua. Hivyo jeraha likabaki wazi. Mahali palipokatwa kwa kiasi kidogo pakapona vizuri zaidi.

Wanyama nao hawakuathirika sawasawa. Hesabu zilizolinganishwa baada ya miaka 28 zilionyesha kwamba mbega weusi kwa weupe waliweza kuishi vema hata mahali palipovurugwa, ilhali kima wengine walipungua. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba msitu bado upo kwa sababu unaonekana wa kijani kutoka barabarani. Yafaa kuuliza ni msitu wa namna gani, na unamlisha nani.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara wa pwani yaifaa Kanyawara kuliko duka lolote, kwa maana utajiri mkubwa wa kituo hicho ni madaftari yake ya miaka zaidi ya hamsini.

Faida ya daftari la namna hiyo haionekani upesi. Mwanachuo anayeandika leo kwamba mti fulani una majani machanga hajui ni nani atakayelihitaji neno hilo. Lakini watafiti walipolinganisha majani ya miti ya Kibale yaliyochumwa miongo kadhaa iliyopita na yale ya miaka ya karibuni, walitambua kwamba majani ya sasa yana nyuzi zaidi na protini pungufu. Mbega ni walaji wa majani. Kwao ni kama nyumba ambayo sahani ingali imejaa lakini chakula kimepungua nguvu. Hakuna jicho la mtu lingaliweza kuliona badiliko hilo; daftari ndilo lililoliona.

Kumbukumbu za matunda ya msituni nazo zilisaidia kufumbua jambo lililokuwa likiwasumbua wakulima. Wengi waliamini kwamba wanyama huvamia mashamba kwa sababu ya njaa, basi msitu ukizaa vizuri watatulia. Utafiti ulionyesha kwamba imani hiyo ina ukweli nusu. Sokwe na kima wenye mikia myekundu walizidi kuishambulia migomba pale matunda ya msituni yalipopungua. Lakini kwa mahindi haikuwa hivyo: mahindi yalipokomaa waliyafuata, msitu uwe na matunda au usiwe nayo. Mgomba ulikuwa chakula cha shida, na hindi lilikuwa chakula cha tamaa.

MITA MIA NA SITINI

Utafiti huo wa mashamba ulifanywa katika miaka ya mwanzo ya 1990 na Lisa Naughton-Treves, mtaalamu kutoka Marekani, aliyepima uharibifu katika vijiji sita kwa muda wa miaka miwili. Hakutegemea kusimuliwa tu. Mashamba yalitembelewa, nyayo zikatazamwa, na eneo lililoharibiwa likapimwa.

Matokeo yake yanastahili kujulikana na kila anayelima jirani na msitu. Wanyama watano, yaani nyani, nguruwe mwitu, kima wenye mikia myekundu, sokwe na tembo, ndio waliosababisha asilimia 85 ya uharibifu uliofanywa na wanyamapori. Na sehemu tisa katika kila kumi za uharibifu huo zilitokea ndani ya mita 160 kutoka ukingo wa msitu. Mita 160 ni mwendo wa dakika mbili tu. Mtu mwenye nyumba ng'ambo ya pili ya kijiji aweza kuwasikia jirani zake wakilalamika kila msimu, naye asipoteze hata hindi moja.

Kwa wastani, wakulima waliochunguzwa walipoteza kati ya asilimia 4 na 7 ya mazao yao kwa msimu. Mtu aliyeketi ofisini akiisoma hesabu hiyo atasema kwamba si hasara kubwa. Wadudu na ukame huharibu zaidi. Hapo ndipo wastani unapoificha kweli. Hasara haikugawanyika kama mvua inyeshayo juu ya kila paa. Wengi hawakupoteza kitu, na wachache walipoteza yote: shamba zima la mahindi au la muhogo liliweza kuangamizwa kabisa. Mama aliyebaki bila muhogo wa kuwapikia watoto hawezi kuula wastani.

Utafiti ukagundua na jambo jingine, ambalo ndilo kiini cha habari hii. Mifugo nayo iliharibu mazao kwa kiasi kikubwa. Mbuzi na ng'ombe walikula mashamba ya watu, na mara nyingine uharibifu wao haukuwa mdogo kuliko ule wa wanyama wa porini. Hata hivyo wakulima hawakulalamika sana juu ya mifugo. Sababu ni ile iliyotajwa mwanzoni: mbuzi ana mwenyewe, na desturi ya fidia ipo. Basi kilichomchoma mkulima moyo hakikuwa hasara peke yake. Kilichomchoma ni hasara isiyokuwa na mtu wa kuibeba pamoja naye.

WANYAMA WA NANI?

Jambo hilo lina historia. Zamani katika Toro uwindaji uliruhusiwa, na machifu walijua wajibu wao wa kuwalinda watu dhidi ya wanyama waharibifu. Baadaye, wageni waliokuja kutafuta ardhi, wengi wao Bakiga kutoka kusini-magharibi ya nchi, walipewa sehemu za ukingoni mwa msitu, ili mashamba yao yawe ngao ya mashamba ya wenyeji. Serikali ya kikoloni, na zile zilizofuata, zikaweka sheria zilizomfanya mnyama kuwa wa dola. Mkulima akanyang'anywa mkuki, lakini hakupewa mtu wa kudai fidia kwake.

Mambo yalizidi ugumu upande wa kusini, katika ukanda uliotengwa kuwa njia ya wanyama kati ya Kibale na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Katika miaka ya machafuko watu waliingia humo, wakajenga na kulima. Mwaka 1992 serikali iliwaondoa maelfu yao, na wengine wakahamishiwa mbali. Mwaka uliofuata, 1993, Kibale ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Tembo walipata njia yao. Familia nyingi zilipoteza makao. Hakuna mtaalamu wa hifadhi awezaye kulifundisha somo la Kibale kwa haki akiliruka tukio hilo.

Tangu hapo hatua kadhaa zimechukuliwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996, iliyounda Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vinavyolipwa na wageni wa hifadhi igawiwe serikali za mitaa za majirani. Nayo sheria ya mwaka 2019 iliweka mpango wa fidia kwa watu wanaouawa, wanaojeruhiwa au wanaoharibiwa mali nje ya hifadhi na wanyama waliotajwa katika orodha yake. Kwa sheria hiyo dola ilikubali kimsingi kwamba tembo naye ana mwenyewe.

Kukubali ni jambo moja na kulipa ni jingine. Lakini mahali fedha za mgao zilipotumika kwa busara, wananchi walisema wazi. Catrina MacKenzie, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada, alikuta kwamba miongoni mwa mambo yaliyofanywa kwa mgao huo, wakulima walithamini sana mahandaki yaliyochimbwa mpakani kuwazuia tembo. Walichotaka kwanza ni mahindi yao yafike ghalani. Zawadi nyingine zingefuata.

MTOTO KATI YA SHAMBA NA SHULE

Handaki humzuia tembo, lakini halimzuii nyani, ambaye hushuka na kupanda apendavyo. Dawa ya nyani ni macho ya mtu. Kwa hiyo msimu wa mahindi ukifika lazima awepo mtu shambani tangu alfajiri hadi machweo, na mwingine akeshe usiku kwa ajili ya nguruwe mwitu.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mtoto. MacKenzie na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti uliouliza iwapo watoto wa vijiji vya jirani na Kibale wanafukuza nyani au wanahudhuria masomo. Ilidhihirika kwamba ulinzi wa mashamba huwatoa watoto darasani na kuwarudisha nyuma katika masomo yao. Hii ni gharama ambayo haipimwi kwa magunia. Sokwe wa Kibale wanajulikana duniani kote. Mtoto aliyekosa mtihani kwa sababu ya nyani hajulikani na mtu.

KWA JAMAA WANAOISHI UKINGONI

Utafiti huu wote waweza kuwa na manufaa nyumbani, hata kwa wale wanaoishi karibu na misitu mingine ya nchi zetu. Yako mambo machache ambayo jamaa waweza kuyafuata.

Kwanza, mahindi yasipandwe kwenye mstari wa mpaka ikiwa kuna mahali pengine. Yapandwe karibu na nyumba, na ule ukanda wa mita 160 upewe mazao ambayo wanyama hawayapendi. Chai ni mfano mzuri: tembo na kima hawaili. Wengine hupanda mikalitusi, ingawa miti hiyo hunyonya maji mengi na haifai kuwekwa kando ya mashamba ya chakula wala chemchemi.

Pili, ulinzi uwe wa zamu kati ya majirani. Shamba moja likilindwa na jingine likiachwa, nyani huhamia palipo wazi. Watu wazima wa nyumba tano wakigawana siku, watoto wataweza kwenda shule.

Tatu, usafi. Uchunguzi uliofanywa na Tony Goldberg, Innocent Rwego wa Makerere na wenzao ulionyesha kwamba palipobaki vipande vidogo vya msitu kati ya mashamba, watu, mifugo na kima huambukizana vijidudu vya tumboni. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi ya shambani, na masazo ya mnyama yasiliwe. Ugonjwa hupita na upande wa pili pia: mwaka 2013 kirusi cha mafua, ambacho kwa binadamu mara nyingi huleta ugonjwa mwepesi tu, kiliua sokwe 5 kati ya 56 wa kundi la Kanyawara. Mwenye mafua asiingie msituni.

Nne, mitego ya nyaya iachwe. Huwekwa kwa ajili ya paa na nguruwe, lakini humkata vidole na mikono sokwe ambaye hakukusudiwa, na humtia mtegaji hatiani.

Tano, kila nyumba iwe na daftari. Iandikwe tarehe, mnyama aliyeingia, zao alilokula na ukubwa wa eneo lililoharibiwa, na habari ipelekwe mapema kwa viongozi wa kijiji na walinzi wa hifadhi. Anayedai fidia kwa maneno matupu hurudi mikono mitupu. Kama daftari la mwanachuo liliweza kuyasemea majani ya msitu, daftari la mkulima laweza kuyasemea mahindi yake.

DENI LA ELIMU

Kanyawara imetoa madaktari wa falsafa, vitabu na makala zisizohesabika, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini elimu hiyo yote ilikusanywa mahali ambapo gharama ya kuuhifadhi msitu ililipwa na watu wachache, katika ukanda ambao mtu aweza kuuvuka kabla hajamaliza kuvuta sigara moja. Baadhi yao ndio waliowafundisha wataalamu majina ya miti.

Dalili za kulipa deni zipo. Mwaka 2008 kilifunguliwa zahanati jirani na hifadhi kwa juhudi za watafiti wa Makerere na McGill, ili mwananchi aone kwamba msitu waweza kumletea dawa pamoja na nyani. Mahandaki yamechimbwa, na sheria ya fidia imeandikwa. Kazi iliyobaki si ndogo: fidia ifike mapema, na ifike kwa yule aliyepoteza, si kwa kijiji kizima kwa mafungu sawa, na wanachuo wa kilimo na wale wa hifadhi wafundishwe pamoja, kwani nyani hatambui mpaka kati ya idara mbili za chuo.

Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta ya Kibale ni nyingi na ni safi. Walio ukingoni wanangoja asali.